Kumbukumbu za Kikao cha Ngazini

Lifti ilikwama Oktoba, kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
mlango wake nusu wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Tukaizoea. Tbilisi ina ngazi, na watu wana miguu,
na mimi nakaa ghorofa ya pili:
lifti ilinihusu nini?

Bi Tsiala wa ghorofa ya nane akaanza kushusha kikapu kwa kamba.
Asubuhi kilipita dirishani kwangu, sarafu zikilia ndani,
kikarudi na mkate, mara na limau, mara na dawa ya presha.
Siku moja kamba ilinasa kwenye nguo nilizoanika.
Nikafungua dirisha kuinasua, nikakuta kikaratasi:
"Atakayesoma hiki, naomba aniambie
theluji ya chini ikiyeyuka."

Nilikaa na kikaratasi kile siku tatu.
Ya nne, nikabandika tangazo penye visanduku vya barua:
Kikao. Jumapili, saa kumi na moja jioni.
Ngazini, maana ukumbi hatuna.

Wakaja. Sikutarajia.
Wa juu wakakaa juu, wa chini wakakaa chini,
tukaongea kwa kupaza sauti, kama watu wa milima miwili.
Zaza wa ghorofa ya kwanza akasema, "Mimi sipandi, silipi."
Lamara wa ya tisa akamjibu taratibu:
"Na bomba la maji machafu likiziba, mimi silipi.
Kinyesi hakipandi ngazi."
Kikao kikacheka. Zaza hakucheka.

Usinitajie kidole kimoja na chawa.
Vidole tulikuwa navyo, tele,
na kila kimoja kilikuwa kinamnyooshea mwenzake.

Nusu saa tukagombania jina.
Mzee Otari, aliyezeekea viwandani enzi za Wasovieti,
alisema neno "kamati" humtia homa:
amekaa kwenye kamati nyingi mno
zilizopiga kura juu ya mambo yaliyokwisha amuliwa.
Basi tukaandika: Watu wa Mlango wa Pili.
Na kweli, mlango wetu ni wa pili.

Mwekahazina tukamchagua Guram,
ambaye hakuna anayempenda.
Aliwahi kugombana na mwuza jibini saa nzima
kwa tetri ishirini.
Ndiyo sababu.

Walioafiki: ishirini na watatu. Waliopinga: wanne.
Mmoja hakuinua mkono, alikuwa amempakata mtoto aliyelala;
akatikisa kichwa, nasi tukabishana
kama ile ilikuwa ndiyo au siyo.

Bi Tsiala hakuhudhuria. Udhuru wake ulipokelewa.
Tulimpelekea hoja kwa kikapu,
na kura yake ikashuka gizani, imefungwa kwenye leso
pamoja na lari tano,
na sindano ya kushonea, sijui ya nini.
Guram aliiandika nayo kwenye hesabu.

Fundi alikuja Februari, akatukana nyaya,
akafunga mota ya mtumba.
Lifti ikapanda, ikishtuka kila ghorofa.
Siku ishirini.
Kisha ikakwama tena, safari hii kwenye ya saba.

Nikajua basi, tumekwisha.
Kalamu nilikwisha iweka kabatini.
Lakini jioni ile nilisikia mlango ukifunguka, kisha mwingine,
ndara zikiburuzwa,
na Zaza, yule yule asiyepanda,
akipiga kelele kutoka chini:
"Katibu! Lete daftari!"

Nikaandika tarehe. Akidi imetimia.
Ajenda ya kwanza, lifti.
Ya pili, paa la Lamara.
Ya tatu, bomba la Zaza (Zaza kaomba lianze; kakataliwa).

Mengineyo:
theluji ya chini imeyeyuka.
Katibu apande, amjulishe Bi Tsiala
kwa mdomo wake mwenyewe.